Ndege Asiyekuwemo Kwenye Santuri

Ilikuwa Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa tisa na robo alasiri, mvua ikinyesha juu ya mji wa Kasulu, umeme ulipokatika nyumbani kwa Winifrida na ndege mmoja akaendelea kuimba.

Winifrida alikuwa jikoni akichambua maharage. Alisikia santuri ikipunguza mwendo kule sebuleni, ngoma zikizama na kuwa nzito kama maneno ya mtu anayesinzia, kisha kimya. Hilo halikumshangaza, umeme wa masika anaujua. Baada ya kile kimya, ndege aliimba. Aliimba mara moja, akangoja, akaimba tena, sauti ikipanda mwishoni kama ya mtu anayeuliza swali. Haikutoka nje kwenye mipera. Ilitoka sebuleni, chini, kwenye kona ambako mkeka wa msiba ulikuwa bado umetandikwa.

"Nadine," aliita. "Umewasha nini huko?"

"Sijawasha kitu, mama. Umeme si umekatika."

"Na huyo ndege?"

Binti yake alichungulia jikoni. "Si wa kwenye santuri?"

Winifrida aliweka ungo chini. Santuri ile aliijua kama anavyoijua rozari yake. Alijua ndege anayeanza baada ya marimba, alijua yule mwenye sauti ya mlango mkavu, alijua pale ambapo chura anaingia akiwa amechelewa. Huyu hakuwemo.

Mumewe, Kipriani Nkunzimana, alikuwa fundi redio. Alivuka kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia upande huu, akaoa upande huu, akapata uraia na kuziba masikio kwa waliomwita mgeni. Kambi ya Mtabila ilipofungwa na watu wakawa wanafungasha kurudi kwao, mzee mmoja aitwaye Niyomwungere, aliyekuwa mpishi wa Wabelgiji Bujumbura enzi za ujana wake, alimkabidhi gramafoni na kreti la santuri kwa sababu kwenye lori hapakuwa na nafasi. Kipriani alidhani ni nyimbo za kanisa. Alipozipiga, zikawa muziki wa visiwa.

Ndivyo nyumba nzima walivyouita. Juu ya majalada kulikuwa na milima inayotema moto, na wanawake waliochomeka maua masikioni. Ndani mlikuwa na marimba za chuma, ngoma za polepole, ndege na vyura. Kipriani aliulizauliza kwa miaka mpaka akajua kwamba ulipigwa Marekani zamani, na wanamuziki wa mahotelini, wateja wakinywa na kuzungumza, na kwamba ndege wale ni wanaume wazima waliosimama mbele ya kipaza sauti wakipiga mbinja. "Kisiwa chenyewe hakipo, Wini," alikuwa akimwambia mkewe huku akicheka. "Wamekibuni ili mtu aliyechoka apate pa kwenda." Jirani yao Abdulrahmani, mwenye duka la vitambaa, alikuwa akipita dirishani na kusema, "Fundi, kuku wako wameingia tena kwenye duka la vyombo!" Kisha anaingia, anakaa, anasikiliza mpaka mwisho.

Kipriani alifariki kabla ya Krismasi kwa ugonjwa wa figo. Na kwa mila ya ukoo wake, waliyovuka nayo mpaka, nyumba iliyofiwa haipigi muziki na mkeka wa msiba hautolewi mpaka ndugu wakutane *waganduke*, yaani waondoe msiba, kila mtu arudi kwenye kazi na furaha yake. Wakati huo haukuwa umefika. Melkiadi, kaka mkubwa wa marehemu, anayelima Mabamba huko Kibondo, kila alipopigiwa simu alisema wangoje ndugu wa ng'ambo, kule Burundi, wamalize kuvuna.

Lakini Nadine alikuwa amechoka kungoja. Alikuwa na miaka ishirini, na alitaka kuendeleza alichokiacha baba yake.

"Mama, baba alisema mtu anayekusanya santuri aanzie wapi?" aliuliza siku ile, kabla ya mvua.

"Alisema uanze na moja. Moja tu. Uisikilize mpaka umjue kila ndege, ndipo utafute ya pili."

"Moja ipi?"

"Usichague jalada. Jalada zuri mara nyingi limeficha santuri iliyoliwa. Iinamishe kwenye mwanga uone mifereji yake. Halafu inuse. Ikinuka karatasi kuukuu, ichukue. Ikinuka kitu kingine, mrudishie mwenyewe."

Ndipo Nadine alipoweka ya kwanza, kwa sauti ya chini kabisa, na Winifrida hakumkataza, kwa sababu naye masikio yalikuwa na njaa.

Kutoka siku ile, harufu ilianza. Ilikuja mvua inapoanza kudondoka: harufu ya maua mengi yaliyolowa, tamu, nzito, inayokaa kooni. Winifrida alitafuta maua hayo uani, akatafuta kwa majirani, hakuyaona. Akaosha sakafu, akafua mapazia. Harufu ilikuwa ikitoka kwenye mkeka.

Alipoweka kiganja juu ya mkeka ule, asubuhi ambayo hakuna aliyekuwa ameukalia, alikuta sehemu moja ina joto.

Hakupiga kelele. Alipiga ishara ya msalaba, akasema, "Nyumba hii ina mwenyewe," akaenda zake kuchota maji.

Aliyeanza kuharibika ni Nadine. Kwanza aliacha kula jioni. Kisha akaanza kutenga sahani mbili, moja anaiweka kwenye kona, na haigusi mtu wala haigusi inzi. Alilala mchana, na usingizini alipiga mbinja, yeye ambaye tangu utotoni hakuwahi kuweza kupiga mbinja, sauti ileile inayopanda mwishoni. Mashavu yalimwingia ndani. Winifrida alimpeleka hospitali, akapimwa malaria na damu na kila kitu, wakaambiwa mtoto hana ugonjwa, ale.

"Unaongea na nani humo ndani?" Winifrida alimuuliza alasiri moja, kwa kunong'ona, maana alikuwa amesimama nyuma ya pazia kwa muda.

"Na mgeni."

"Mgeni gani, mwanangu?"

"Yule wa mkekani. Anasema baba alinifundisha vibaya, mama." Nadine alisema taratibu, akitabasamu kama mtu mwenye homa. "Mtu haanzi na santuri moja. Anaanza na kwenda kisiwani kwenyewe. Anasema baba yuko huko, na mvua za mwisho zikinyesha atanipeleka."

Winifrida alimshika mabega. Aliyashika kwa nguvu, akihisi mifupa. "Hapa si kisiwani," alisema. "Hapa ni Kasulu. Na wewe hupelekwi popote."

Kwenye kona, ndege alicheka.

Kesho yake alimpigia simu Melkiadi, na kwa sauti aliyomsikia nayo, shemeji yake alipanda gari la kwanza kutoka Kibondo. Abdulrahmani naye alifunga duka akaja. Walikaa uani, chini ya bati la jiko, kwa sababu hakuna aliyetaka kukaa sebuleni.

"Zichome," Melkiadi alisema. "Shemeji, mimi nilisema tangu mwanzo. Muziki wa mahali pasipokuwepo, utaleta nini? Lete mafuta ya taa tuzichome leo."

"Mume wangu alizitunza miaka kumi na zaidi. Sichomi."

"Basi utamchoma mtoto."

"Mzee Melkiadi, taratibu," Abdulrahmani alisema. Yeye ni mtu wa Ujiji, na mama yake alitoka pwani. "Mama Nadine, kitu hiki kwetu tunakijua. Jini haingii nyumba ya watu hivihivi. Ni lazima kuna aliyemkaribisha. Huyo mgeni anayetajwa na mtoto yukoje?"

Winifrida alifikiri. "Nadine anasema amevaa suti nyeupe. Amekaa magoti yakiwa pamoja."

Melkiadi aliinua kichwa. "Suti nyeupe, na viatu hana?"

"Ndiyo. Umemjuaje?"

"Si alikuja msibani! Siku ya maziko. Alikaa hapohapo kwenye kona mpaka watu wakaondoka. Aliomba maji, sikumwona akiyanywa. Nilijua ni wa kwenu, shemeji. Nikasema huko kwa akina Winifrida wana watu wa ajabu."

"Wa kwetu?" Winifrida alisema polepole. "Mimi nilijua ni wa kwenu. Nilijua ametoka ng'ambo."

Wote wawili walimgeukia Abdulrahmani. "Mimi nilimsogezea mto," alisema. "Nilidhani ni mtu wa parokia."

Mvua ilianza kugonga bati. Kila mmoja wao alikuwa anajua jinsi msiba unavyokwenda kwao: mwombolezaji hapigi hodi, haulizwi ametoka wapi, anaingia tu, anapewa nafasi kwenye mkeka na maji ya kunywa, na kumuuliza mtu "wewe ni wa nani?" siku kama ile ni tusi linaloweza kuvunja undugu, hivyo alikuwa ameingia kwa mlango wa mbele mchana kweupe, akapewa mto na maji na salamu za pole, akakaa karibu na santuri zinazoimba juu ya nchi isiyokuwepo, naye yumkini hana nchi nyingine, na kwa kuwa msiba haujaondolewa, hakuna mtu aliyewahi kumwambia ainuke.

"Kuna njia," Abdulrahmani alisema mwishowe kwa sauti ndogo. "Ujiji kuna mama mmoja anaitwa Mwanaamina, anaongea nao. Atamuuliza anataka nini. Wengine wanataka udi tu, na kiti chao, na sahani yao siku ya Ijumaa. Unampa kona yake, mnaishi."

"Nimpangishe?"

"Nimesema mnaishi, mama Nadine. Wengi wanaishi hivyo."

"Mimi sipangishi," Winifrida alisema. Akasimama. "Shemeji, ameketi kama mwombolezaji. Msiba ukiondoka, mwombolezaji anaondoka. Jumamosi tunaganduka."

Melkiadi alishika kichwa. "Huwezi! Mjane haondoi msiba mwenyewe. Ndugu wa ng'ambo hawajafika. Watasema hukumlilia mume wako. Watasema ulikuwa na haraka ya mwanaume mwingine."

"Waseme."

"Winifrida!"

"Waseme mpaka wachoke, shemeji. Wewe umengoja mavuno ya watu, na mwanangu anakauka. Ukija Jumamosi utanisaidia. Usipokuja, nitaita jina lako na kiti chako kitupu kitaitika."

Melkiadi alitazama chini. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa na mwanamke aliyemheshimu siku zote, akasema, "Pombe ya ndizi nitaileta mimi. Yako ya mwaka jana ilikuwa maji."

Jumamosi walikuja saa nane mchana. Walikuja majirani, wanawake wa jumuiya, na mafundi wawili waliokuwa wakifanya kazi na marehemu. Wengine walikuja kushuhudia aibu tu, na Winifrida aliwaona na kuwakaribisha hivyohivyo. Madirisha yote yalikuwa wazi. Nadine alikuwa amekalishwa kwenye kiti katikati ya sebule, amefunikwa kitenge, macho yake yakiwa kwenye kona. Mvua ilikuwa imefunga vilima upande wa magharibi.

Mila yao ni hii: anayeondoa msiba humtaja kila mwombolezaji kwa jina, na kumshukuru kwa kukaa naye. Anayetajwa huitika, huinuka kwenye mkeka, hutoka nje kupokea pombe, na haruhusiwi kurudi mkekani tena.

"Melkiadi, kaka wa marehemu," Winifrida alisema. "Ulikaa nami. Ahsante. Inuka."

"Nimeinuka," Melkiadi alisema, akatoka.

"Abdulrahmani, jirani. Ulikaa nami. Ahsante. Inuka."

"Nimeinuka, dada yangu." Alikuwa akisoma kitu kwa midomo bila sauti.

Mmoja baada ya mwingine waliinuka, na kadiri mkeka ulivyokuwa unabaki wazi ndivyo ile harufu ya maua ilivyozidi, mpaka wanawake wa jumuiya waliosimama mlangoni wakaziba pua kwa vitenge. Mwisho Winifrida alimtaja binti yake. Nadine hakuitika. Alimtaja tena. Midomo ya Nadine ilifunguka, ikatoka mbinja.

Winifrida aligeukia kona. Mkeka ulikuwa mtupu, ila katikati yake ulikuwa umebonyea, kama unavyobonyea chini ya mtu.

"Wewe sikukuuliza siku ile," alisema. "Leo nakuuliza. Wewe ni wa nani?"

Mvua ikaanguka kwa mkupuo, na pamoja nayo ndege wote wa santuri zote zilizokuwa kabatini wakaanza kuimba kwa wakati mmoja ingawa gramafoni ilikuwa imezimwa na waya wake uko mkononi mwa Abdulrahmani, wakaimba ndani ya kabati na ndani ya dari na ndani ya koo la Nadine, vyura wakaingia, na marimba, na ngoma za polepole zilizotembea sakafuni mpaka watu waliokuwa uani wakazihisi kwenye nyayo, na katikati ya kelele ile, kwa utulivu, kwa kikohozi chake kile kidogo kabla ya kusema, ikaja sauti ya Kipriani: "Wini. Nimechoka, Wini. Unanifukuza kwangu?"

Melkiadi aliyekuwa dirishani alianza kulia. Tangu Desemba Winifrida alikuwa ameomba asikie sauti ile, aliiomba kanisani na aliiomba kitandani, na sasa ilikuwa hatua chache tu kutoka alipo, na kama angenyamaza ingekaa naye siku zote.

"Kipriani akichoka alikuwa anasema tusali," alisema. Sauti yake ilikuwa inakatika lakini hakuiacha. "Nimekaa naye miaka ishirini na mitatu, hajawahi kunililia hivyo. Kipriani nilimwosha. Nilimvalisha. Nilimzika kwa mikono hii, na padre alikuwepo, na Mungu alikuwepo. Wewe ulikuwa unatafuta pa kulala. Sema wewe ni wa nani."

"Nadine atakuja nami," sauti ilisema, na haikuwa ya Kipriani tena. Ilikuwa nyembamba, ya mdomo uliokazwa kwa mbinja.

"Nadine ana mama. Wewe huna hata jina. Nakuondoa kwa jina la Yesu Kristo, mbele ya ndugu na majirani. Msiba umeisha. Inuka!"

Akaushika mkeka kwa ncha zake mbili akauvuta. Ulikuwa mzito kama gunia la mahindi. Aliuvuta huku akilia kwa hasira, na Melkiadi akaruka dirishani akashika ncha moja, na Abdulrahmani akashika nyingine, na fundi mmoja akaja, wakauvuta, na kwa ghafla ukawa mwepesi wakaanguka wote chali.

Muziki ukakatika. Kisha watu waliokuwa mlangoni wakapiga ukelele na kusogea pembeni kuacha njia. Juu ya saruji iliyong'arishwa kwa rangi nyekundu, alama za nyayo zilikuwa zikijichora, moja, ikifuata nyingine, zenye maji, kutoka kwenye kona, kupita mbele ya kiti cha Nadine ambako zilisimama, na Winifrida akaingia katikati akasimama pia, kifua mbele, mpaka zikaendelea. Zilipita mlangoni. Zilishuka ngazi. Zilipofika uani mvua ilizifuta.

Abdulrahmani aliinama akagusa maji yale yaliyobaki sakafuni, akanusa kidole, akakiweka ulimini.

"Chumvi," alisema. "Ni maji ya bahari."

Melkiadi, ambaye hajawahi kuiona bahari, alifuta mikono yake kwenye suruali mara nyingi.

"Mama," Nadine alisema kwenye kiti. Sauti ilikuwa yake, ya kukwaruza. "Nina njaa. Hao watu wote wamekuja kufanya nini?"

Winifrida alicheka na kulia kwa pamoja. Alimletea uji, akamsimamia mpaka akamaliza. Kisha, mbele ya wote, alimwambia Abdulrahmani achomeke waya. Alilisogelea kabati.

"Shemeji," Melkiadi alisema kwa hofu. "Si umemaliza?"

"Msiba umeondoka. Nyumba isiyo na msiba inapiga muziki. Au mmeibadilisha mila leo?"

Alichagua santuri ya kwanza. Aliiinamisha kwenye mwanga, akainusa. Karatasi kuukuu. Akaiweka, akaongeza sauti mpaka mwisho. Marimba zilianza, na watu waliomjua Kipriani wakatazamana. Winifrida alisimama kidete akiwahesabia ndege kwa kidole hewani, huyu, na huyu, na chura aliyechelewa, tayari kwa yeyote ambaye hakualikwa. Hakuja mwingine. Alipiga upande wa kwanza, akageuza, akapiga wa pili.

Ndugu wa ng'ambo walikasirika, na wengine hawajampigia simu mpaka leo. Alipoulizwa na wanawake wa jumuiya kama haogopi kwamba yule kitu bado anazunguka vilimani akitafuta nyumba nyingine yenye mkeka, alisema anaogopa, ndiyo, na ndiyo maana sasa akienda kuhani popote anamuuliza mgeni asiyemjua yeye ni wa nani, na anayekasirika na akasirike.

Jioni ile ya Jumamosi, watu walipotawanyika na mvua kuacha, yeye na Nadine walikwenda kaburini pamoja. Winifrida alipiga magoti kwenye udongo uliolowa, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeongea na mtu aliye chumba cha pili:

"Ee Bwana, wewe unayemjua kila mtu ni wa nani, huyu Kipriani ni wako. Leo nimeikataa sauti yake, na imeniuma, nawe umeona. Basi mtunze wewe. Kama amechoka, mpumzishe kwako, wala asitafute kisiwa kingine. Makosa yake mfutie, kiu yake mwondolee, mwanga wako usizimike juu yake. Na siku ukiniita mimi, aniitikie yeye mwenyewe. Amina."